Pomboo akipiga mkia karibu na boti

SWALI: Napeleka watalii kuona pomboo Kizimkazi. Mara nyingi mmoja huinua mkia na kuupiga majini kwa kishindo tukiwa karibu naye. Wageni hushangilia, wakiamini anacheza. Ni kweli?
Nahodha, Unguja

JIBU: Ndugu nahodha, pengine anacheza. Lakini akiupiga karibu na boti yako, tena na tena, mchukulie kuwa amekereka. Kishindo hicho husafiri mbali chini ya maji, na pomboo hukitumia pia kuwashtua samaki wakati wa kuwinda. Kwa hiyo usiusome mkia peke yake. Tazama na mwili wote unafanya nini.

Uso hautakusaidia. Lile "tabasamu" ni umbo la taya tu, analo hata akiwa mgonjwa. Pomboo mwenye hasira humkabili mwenzake ana kwa ana, hufumbua kinywa, hutikisa kichwa na kugonganisha taya zikalia. Mwingine hujipinda kama herufi S. Ugomvi ukizidi huparuzana kwa meno: ile michirizi iliyopangana sambamba kwenye ngozi zao mara nyingi hutokana na hayo.

Mapenzi yao yako kwenye mapezi ya kifuani. Hupapasana na kusuguana nayo, na hapa kuna jambo linalonivutia sana: huko kisiwa cha Mikura, Japani, watafiti waliona kuwa pomboo wa jamii hii hii ya kwenu humsugua mwenzao kwa pezi la kushoto zaidi kuliko la kulia. Shark Bay, Australia, madume walioshikamana huibuka na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, ubavu kwa ubavu. Ukiwaona wawili wanakwenda hivyo, usipitishe boti katikati yao.

Utafiti uliofanywa hapo hapo Kizimkazi ulionyesha kuwa wakiandamwa na boti na waogeleaji, pomboo hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, wakazidisha mwendo. Dalili utaziona mapema: wanakusanyika karibu karibu, wanabadili uelekeo ghafla, wanazama na kukawia kuibuka. Hapo toa gia, usiwakatie njia kwa mbele, na usiruhusu mgeni aruke majini. Wakiondoka, waache waende, hasa penye mama na mtoto.