Je, Agostino aliuchukia mwili na Freud akaufungulia?

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uzamili katika teolojia. Nimechagua kulinganisha mwili katika maandiko ya Mtakatifu Agostino na mwili katika uchanganuzi nafsi (tiba ya kuchimbua mawazo yaliyofichika) wa Sigmund Freud. Mtahini mmoja amenirudishia pendekezo akiwa ameandika pembeni: "Agostino aliuchukia mwili, Freud akaufungulia. Unalinganisha nini hapo?" Nimjibuje? Na je, naweza kudai kwamba Agostino ndiye aliyetangulia kuugundua ung'amuzibwete, yaani sehemu ya nafsi ambayo mtu mwenyewe haitambui?

JIBU: Mtahini wako amekurahisishia kazi, kwa sababu nusu ya kwanza ya sentensi yake si sahihi na nusu ya pili ina walakini.

Fungua Mji wa Mungu, kitabu cha 14. Humo Agostino anawapinga Wamanikeo, kundi la dini lililouona mwili kuwa uovu na ambalo yeye mwenyewe alilifuata takriban miaka tisa ujanani, na hata wafuasi wa Plato hawaachi salama, kwa kuutwisha mwili lawama zisizo zake. Hoja yake ni kwamba si mwili wenye kuoza ulioifanya roho itende dhambi. Roho iliyotenda dhambi ndiyo iliyoufanya mwili uwe wa kuoza. Shetani hana mwili, anakumbusha, na bado amejaa kiburi na husuda. Mpime pia na wenzake wa karne ya 4. Askofu Gregorio wa Nyssa alifikiri kwamba bila anguko la Adamu na Hawa wanadamu wangeongezeka kwa namna ya malaika, pasipo kujamiiana. Agostino, alipokomaa, alikataa. Adamu na Hawa wangelala pamoja na kuzaa hukohuko bustanini, ila viungo vya uzazi vingeutii utashi kama mkono unavyoutii.

Kiini cha tasnifu yako kiko hapo. Kinachomsumbua Agostino kuliko raha ya mwili ni uasi wa mwili huo. Ashiki huja bila kuitwa, na pengine ikiitwa haiji, mtu akabaki anawaka moyoni huku mwili umepoa. Angalia kwamba anataja pande zote mbili, ilhali wahubiri wengi huishia kwenye ile ya kwanza. Kwake hiyo ni adhabu inayolingana na kosa: Adamu alikataa kumtii Mungu, naye sasa hatiiwi na mwili wake mwenyewe. Kuonyesha kwamba utii wa namna hiyo si ndoto, anataja watu wanaoweza kuchezesha masikio, na wengine wanaotoa sauti za nyuma kwa mpangilio wa muziki bila harufu yoyote. Usiiruke sura hiyo, ya 24, kwa kuona haya. Agostino, askofu wa Hippo, alikuwa anajenga hoja, hata kama sisi tunacheka.

Sasa mlete Freud. Mwaka 1917 aliandika kwamba ego, yaani ile "mimi" ya mtu, si bwana hata ndani ya nyumba yake yenyewe. Sentensi hiyo na kitabu cha 14 zinazungumza kuhusu jeraha lilelile. Lakini ukiishia hapo mtahini atakuwa na haki ya kukukaba, maana kufanana huku kunavunjika pale unapouliza uasi huu unatokana na nini.

Tazama kisa cha Elisabeth von R. (jina la kubuni) katika Tafiti kuhusu Histeria, kitabu ambacho Freud alikitoa pamoja na Josef Breuer mwaka 1895. Msichana huyu alilalamika maumivu ya miguu. Katika mazungumzo ikajitokeza kwamba sehemu ya paja la kulia iliyouma ndipo baba yake mgonjwa alipouweka mguu wake uliovimba kila asubuhi, binti akimbadilishia bendeji. Ikajitokeza pia kwamba alimpenda shemeji yake, na mbele ya maiti ya dada yake lilimpitia wazo kwamba sasa mwanamume yule yuko huru. Alilisukuma mbali wazo hilo, mwili ukalibeba. Kwa Freud, mwili huu unasimulia habari za Elisabeth peke yake. Kwa Agostino, uasi wa mwili wangu na wa kwako unasimulia habari moja, ya Adamu. Nadhani tofauti hii ni kubwa kuliko ile ya imani na ukanaji Mungu ambayo wanafunzi hupenda kuanza nayo.

Tofauti ya pili ni ya wakati. Agostino ana mwili uliotii zamani na mwili utakaotii baadaye. Katika kitabu cha 22 wafu wanafufuka na miili yao, wanawake wakiwa bado wanawake, wafiadini pengine na alama za majeraha yao. Freud hana bustani nyuma wala ufufuko mbele. Katika insha zake za 1905 kuhusu ujinsia, mwili wa mtoto mchanga unaanza maisha ukiwa tayari umetawanyika katika raha za mdomo, haja kubwa na ngozi. Wala hakuufungulia: mwaka 1930 alishikilia kwamba ustaarabu hausimami bila watu kujinyima matakwa ya silika zao.

Ukitaka daraja lisilo la kukisia, nenda kwa Jacques Lacan, mchanganuzi nafsi Mfaransa aliyemfuata Freud. Katika makala yake ya 1938 kuhusu familia anamnukuu Agostino mwenyewe, Maungamo kitabu cha 1, kuhusu mtoto ambaye hajajua kusema lakini amepauka kwa wivu akimtazama mwenzake kwenye titi. Lacan alimsoma Agostino na kumtumia. Kati ya Freud na Agostino, dai mfanano tu.

Kuhusu ung'amuzibwete, usidai. Kifungu kinachokaribia zaidi ni Maungamo, kitabu cha 10, sura ya 30, Agostino anapolalamika kwamba picha za ashiki alizozishinda akiwa macho humrudia usingizini hadi akaziridhia, kisha anamuuliza Mungu kama wakati ule yeye si yeye. Anajijibu kwamba tukiamka dhamiri hutulia: jambo limetendeka ndani yetu, tunasikitika, lakini si sisi tuliolitenda. Freud asingekubali jibu hilo. Angetaka kujua tamaa ile ni ya nani kama si ya mwota ndoto. Iandike sura ya tatu ya tasnifu kuhusu mgongano huo mmoja, na libido (tamaa) kama istilahi wanayoshiriki ipe tanbihi tu.