Diski ya pili kwenye kompyuta ya zamani: je, vilivyomo kwenye ya kwanza vitafutika?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia Windows 7. Diski yake ni ya GB 160 na imejaa kabisa. Nataka kuongeza diski ya pili ya TB 4 niweke picha na video za familia. Jirani yangu ananiambia nikichomeka diski nyingine, vilivyomo kwenye ya kwanza vitafutika na Windows itabidi iwekwe upya. Ni kweli? Na nitajuaje kama diski nitakayonunua itakubali?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Ondoa hofu kwanza: kuchomeka diski ya pili hakufuti chochote kwenye ya kwanza, wala Windows haihitaji kuwekwa upya. Kinachofuta ni mtu kufomati diski ambayo hakuikusudia, na hapo tutafika. Lakini usinunue kitu bado. Mashine yako ndiyo itakayokuambia ununue nini, kwa hiyo anza kwa kuifungua. Izime, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua ubavu wa kasha, kisha shika chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli ulio mwilini mwako uishie hapo.

Fuata kebo inayotoka kwenye diski yako hadi kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Ikiwa kichwa chake ni chembamba, hakifiki upana wa sentimita mbili, hiyo ni SATA. Ikiwa ni utepe bapa wa upana wa sentimita tano hivi, wenye kichwa cha pini 40, hiyo ni IDE, aina ya zamani zaidi. Kwa mashine inayoendesha Windows 7 nategemea utakuta SATA, lakini angalia kwa macho yako, maana kuna mazabodi zenye zote mbili.

Ukikuta SATA, kazi ni nyepesi. Tafuta kwenye mazabodi soketi nyingine kama hiyo iliyo wazi; mara nyingi pembeni yake pameandikwa SATA1, SATA2 na kuendelea. Kila diski ina kebo yake peke yake. Kama soketi zote zina watu wake, tazama kama bado unatumia kisomea DVD. Wengi hawakitumii tena, na soketi yake inatosha. Usihangaike na maandishi ya 6 Gb/s kwenye diski mpya wakati mazabodi yako ni ya 3 Gb/s. Zinaelewana, zitakwenda kwa kasi ya ile ndogo, na diski ya kuzunguka haiwezi hata kuijaza hiyo ya 3.

Ukikuta IDE peke yake, diski ya TB 4 haitaingia moja kwa moja, kwa sababu diski za IDE hazikuwahi kufika ukubwa huo. Hapo utahitaji kadi ya SATA ya kuchomeka kwenye mazabodi, au ununue diski ya nje ya USB na uachane na kufungua kasha. Kama mtu atakupa diski ndogo ya IDE, ujue kwamba utepe mmoja hubeba diski mbili, na lazima kila moja ijue nafasi yake. Nafasi hiyo hupangwa kwa jampa, kile kiplastiki kidogo kinachofunika pini mbili nyuma ya diski. Mchoro wake uko kwenye lebo: MA ni ya kwanza, SL ni ya pili, CS maana yake kebo yenyewe ndiyo iamue. Mbili zikipangwa zote MA, mara nyingi kompyuta haitaiona hata moja, na hapo ndipo mtu hudhani diski imekufa. Kwenye utepe wa nyaya 80, kichwa cha buluu huenda kwenye mazabodi, cheusi cha mwisho kwa diski ya kwanza, cha kijivu cha katikati kwa ya pili. Mashine za zamani zaidi zina ukomo mwingine: BIOS, ile programu ndogo ya mazabodi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ikiwa haijui hesabu mpya inaishia GB 137.

Sasa umeme, na hapa nakusihi usibane matumizi. Diski ya SATA inataka kichwa bapa cha umeme cha pini 15. Pawa saplai nyingi za zamani zina kimoja au viwili tu, vingine vyote ni vile vikubwa vya pini nne. Kuna vibadilishio vya kutoka pini nne kwenda SATA, lakini si vyote ni salama. Kitazame kwa karibu nyuma ya kichwa cha SATA. Kama plastiki imemiminwa ikafunika nyaya zote kwa pamoja huoni zinaingiaje, kiache. Ndani ya plastiki hiyo nyaya zinaweza kugusana baada ya muda, na vibadilishio vya namna hiyo vimewahi kuungua na kuwaka moto ndani ya kompyuta za watu. Chukua kile ambacho kila waya unaingia kwenye tundu lake na unauona. Pawa saplai yenyewe ikiwa nzima, diski moja zaidi haitaisumbua: inapoanza kuzunguka huvuta kama wati 20 hadi 25 kwa sekunde chache, kisha hushuka chini ya 10.

Funga diski kwa skrubu nne, mbili kila upande. Tumia skrubu fupi zilizokusudiwa diski, na usiiache ining'inie kwenye kebo.

Ukiwasha, huenda ukakuta skrini nyeusi inayosema haioni mfumo. Usishtuke. BIOS imejaribu kuanzia diski mpya, ambayo haina kitu. Ingia BIOS kwa kubonyeza Del au F2 mara tu mashine inapowaka, rudisha diski ya zamani iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuanzia, hifadhi, toka. Ukiwa humo huenda ukaona pia palipoandikwa IDE na AHCI, namna mbili ambazo mazabodi huzungumza na diski za SATA. Usipaguse. Kubadilisha hapo wakati Windows imeshawekwa huleta skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, na utasema diski mpya imeharibu kompyuta.

Windows ikifunguka, diski mpya haitaonekana kwenye Computer, na hilo ni kawaida. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Kidirisha cha Initialize Disk kitatokea na kukuuliza MBR au GPT, namna mbili za kuandika orodha ya sehemu za diski. Chagua GPT. MBR huhesabu hadi TB 2.2 tu, na kilichobaki cha diski yako kingekaa bure. Windows 7 inasoma GPT bila shida kwa diski ya kuhifadhia vitu, hata kama mashine ina BIOS ya zamani.

Kabla ya kubofya popote, soma ukubwa. Diski yako ya zamani itaonyesha karibu GB 149, mpya karibu GB 3,725. Hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ukubwa huo ndio utakaokulinda: eneo utakalobofya kwa kitufe cha kulia ni lile lenye mstari mweusi na neno Unallocated, kwenye safu ya diski ya GB 3,725, si kwingine. Chagua New Simple Volume, acha NTFS na fomati ya haraka, ipe herufi, umemaliza. Ikitokea diski nzima inaonekana kama GB 1,677, dreva ya SATA, yaani programu inayoiunganisha Windows na soketi hizo, ni ya zamani na imeshindwa kuhesabu. Pata dreva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa mazabodi kabla hujaweka chochote.

Haya yote ni kwa diski mpya tupu. Kama siku moja utachomeka diski iliyotoka kwenye kompyuta nyingine ikiwa na vitu vyako, na Windows ikakuuliza kuianzisha au kuifomati, bofya Cancel na uichomoe. Swali hilo kwa diski yenye vitu maana yake Windows imeshindwa kuisoma, na ukikubali unampa fundi wa kuokoa data kazi ngumu zaidi.

Kuhusu picha, zinakili kwanza, usizihamishe. Fungua kadhaa kutoka diski mpya, pamoja na video ndefu moja uitazame hadi mwisho, ndipo ufute za zamani kupata nafasi. Ila ukishazifuta, zitakuwa tena mahali pamoja tu, na diski mbili ndani ya kasha moja hupigwa na hitilafu ile ile ya umeme. Zile ambazo huwezi kuzipata tena, za harusi, za watoto wachanga, za wazee waliotangulia, ziweke pia kwenye diski ya nje ambayo unaichomeka wakati wa kunakili tu, kisha unaichomoa na kuiweka kabatini.