Kabla hujapiga filamu, jiulize hasara itamkalia nani

Juzi nilikua nimekaa Jaws Corner, hapa Mji Mkongwe Unguja, nakunywa kahawa, akaja kijana mmoja akanisalimia akakaa pembeni yangu barazani, kumbe ananijua, aliwahi kuniona Malindi ya hapa hapa mjini nimebeba nyaya kwenye shughuli ya wageni waliokuja kupiga filamu. Akanambia kaka, mie nataka kufanya filamu, sasa bora nijiunge na hawa wakubwa wanaokuja hapa au nipige mwenyewe na kamera yangu? Nikaanza kumjibu, adhana ya Laasiri ikatukuta tuko katikati, kila mtu akenda zake. Nikaona bora niandike tu maana hili suala naulizwa sana, na wengi wanaojibu wanajibu habari za kamera. Kamera gani, lenzi gani, inatoa 4K au haitoi. Khaa.

Mie nimefanya pande zote mbili. Kwa wageni nimefanya karibu miaka saba, kuanzia kubeba maji mpaka kuwatafutia lokesheni, na humo humo nikatengeneza filamu zangu fupi tatu na moja ndefu, ambayo mpaka leo mie naidai na yenyewe inanidai. Na nilichokiona ni kwamba tofauti kubwa sio kamera, wala sio huo uhuru watu wanaousema. Ni mambo yakiharibika, na yataharibika, hasara inamkalia nani.

Tizama hapo hapo tulipokua tumekaa. Jaws Corner jina lake limetokana na ile filamu ya papa, ya studio ya Universal, imetoka 1975. Steven Spielberg alikua kijana wa miaka 27 wakati anaipiga. Walitengeneza papa wa mashine wakampa jina Bruce, wakamtia baharini, maji ya chumvi yakamla, leo hasogei kesho anazama. Ratiba ilikua siku 55, wakamaliza siku 159, na bajeti ikapita mara mbili ya ile waliyoanza nayo. Sasa wewe jiulize, ratiba yako ikizidi mara tatu nani anawalisha watu? Spielberg mwenyewe alikua anaogopa kufukuzwa, lakini hakuna mtu aliekwenda kugonga kwa mama yake kudai pesa ya jenereta.

Kwa mama yangu wamegonga.

Ilikua hivi. Filamu yangu ya pili ni ya mama mmoja anaelima mwani, nikaipanga Jambiani. Tukaenda kutizama eneo, mie na mpiga picha, tukakuta maji yametoka mpaka kule mwambani, unatembea tu kwa miguu, kamba za mwani zote ziko wazi, kinamama wameinama, mwanga unang'aa juu ya mchanga, nikasema hapa hapa. Tukarudi mjini tukatafuta watu, tukakodi jenereta, tukaazima lenzi, na wiki iliyofuata tukashuka na watu kumi na mbili kwenye daladala tuliyoikodi siku nzima. Tumefika, tunasubiri maji yatoke. Yanatoka kidogo, yanasimama. Saa nzima bahari iko pale pale kiunoni. Kulikua na nahodha mmoja mtu mzima anashona wavu chini ya mkungu, anatutizama tu, mwisho akauliza, wanangu mnasubiri nini? Tukamwambia tunasubiri maji. Akacheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. "Nyie watoto wa mjini mwezi hamuutizami? Juzi ilikua bamvua, leo maji mafu. Hayo ndo yameshatoka." Kumbe wakati wa bamvua maji yanajaa sana na kutoka mbali, wakati wa maji mafu yanasogea kidogo tu.

Basi. Watu kumi na mbili, wali umeshapikwa, gari imelipwa. Tukakodi ngarawa yake tujaribu kumpiga yule mama huko huko ndani ya maji, wimbi moja likapiga ubavuni, chumvi ikaingia kwenye lenzi ya watu. Nimeilipa ile lenzi miezi minane. Jioni tukampiga yule mama amekaa ufukweni na kamba zake anasubiri bahari, hatukua na jengine la kufanya, na hiyo scene ndo kila alieiona anaisifia. Kila wakiisifia mie nakumbuka bili.

Sasa upande wa wakubwa. Siku yangu ya kwanza kwenye seti ya wageni, jioni nikapewa karatasi ya kesho yake, wenyewe wanaita kol shiti, imeandikwa nani afike saa ngapi, jua linachomoza saa ngapi na kuchwa saa ngapi, hospitali ya karibu iko wapi, gari ipi inampakia nani. Na maji! Kujaa na kupwa, kwa dakika. Wageni hao wametoka huko walikotoka wanajua maji ya Unguja kuliko mie niliezaliwa Kikwajuni. Siku ya pili nikaona ngazi imekaa njiani nikaihamisha, nia yangu njema kabisa, nikagombezwa mbele za watu. Kumbe ngazi ni ya watu wa taa, na kwa utaratibu wao mtu wa idara nyengine hagusi, maana akianguka mtu bima itauliza nani kaisogeza. Kulikua na dada mmoja kazi yake kutwa ni kuhakikisha vitu havipishani, kila kamera ikisimama anapiga picha ya kanga ya muigizaji, fundo liko upande gani, glasi ya chai imebaki nusu au robo. Mie kwenye filamu yangu ya mwanzo mtu anaingia mlangoni na kandambili anatokea ndani na viatu vya kamba. Ilionyeshwa mtaani, watoto wadogo ndo walioona wa kwanza.

Kwaiyo ukipata nafasi kwa wakubwa ingia, hata ya kubeba maji. Pesa ipo na inakuja kwa wakati lakini hiyo sio sababu, sababu ni kwamba pale ni skuli na wewe ndo unalipwa kusoma. Usiende tu ukidhani utampa dairekta skripti yako wakati wa chakula cha mchana. Hakuja kwa ajili yako, na mara nyingi hata yeye hana kauli ya mwisho, studio ndo inaamua filamu ikatwe wapi na imalizike vipi, kwa sababu anaebeba hasara ndie anaeshika mkasi. Hili sio jipya, Charlie Chaplin na wenzake watatu walianzisha kampuni yao ya filamu, United Artists, mwaka 1919 kwa jambo hilo hilo, wamechoka kupangiwa. Na wao walikua matajiri tayari wakati huo, usisahau.

Alafu kuna ile hadithi wanayoipenda vijana wote, ya dairekta wa Marekani Robert Rodriguez kutengeneza filamu kwa dola 7,000 mwanzoni mwa miaka ya 90, pesa nyengine akaipata kwa kujitolea kujaribiwa dawa. Ni kweli. Lakini nusu ya pili ya hadithi watu hawaisemi: studio ya Columbia walipoichukua walimwaga pesa nyengine mara nyingi zaidi ya hizo kuitengeneza sauti na kuifanya iweze kuingia kwenye majumba ya sinema. Hizo 7,000 zilikua za kufika mlangoni. Cha kujifunza kwake mie naona sio ubahili, ni kwamba aliandika skripti kwa kufata vitu alivyokua navyo mkononi. Hapo ndo wengi wetu tunapokosea, tunaandika kwanza alafu tunaanza kutafuta gari ya polisi, bunduki, jumba la ghorofa. Kaa uandike una nini. Ami yako ana gari ya ng'ombe, shangazi ana nyumba ya zamani yenye ua, rafiki yako anafanya kazi kwenye boti, jirani ana mashine ya kukuna nazi inayopiga kelele. Hadithi itoke humo. Na punguza bahari, wallahi, najua ni nzuri lakini punguza.

Sauti pia. Mtu atavumilia picha mbaya, sauti mbaya havumilii. Upepo wa kaskazi unapiga kwenye maiki kama mtu anapasua karatasi, na ukiwa Mji Mkongwe hesabu adhana tano na vespa zisizo na idadi. Panga mazungumzo kwa kutizama saa.

Vibali sitoviongelea sana. BASSFU, lile baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, wanataka kuiona skripti, wapelekee mapema, na ukifika mtaani nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwanza kabla hujatoa kamera kwenye begi, hata kama kibali unacho mfukoni. Sheha akiwa upande wako hata yule fundi anaegonga bati atanyamaza. Kurusha droni ni kibali chengine peke yake, usijaribu kuiba.

Ninapotaka ukae usome vizuri ni kwenye karatasi. Zamani studio za Hollywood zilikua zinamiliki mpaka majumba ya sinema yenyewe, yani anatengeneza yeye, anasambaza yeye, anaonyesha yeye, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikawakatalia mwaka 1948. Sie hata hayo majumba karibu hatuna, Majestic pale Vuga wazee wanaisimulia tu. Tuna ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, tangu 1998, na kuona filamu yako Ngome Kongwe watu wamekaa kwenye ngazi za mawe wanacheka pale ulipotaka wacheke ni jambo ambalo sikufichi nililia. Lakini usiku mmoja haulipi lenzi. Kwaiyo akatokea bwana mmoja msambazaji, simtaji, akanipa pesa taslimu kwa ile filamu yangu ndefu, nami nikiwa na madeni mpaka shingoni nikasaini bila kusoma. Mkataba ulisema haki zote, njia zote, dunia nzima, milele. Miezi michache mbele nimepanda boti kwenda Dar, nimekaa, TV ya boti inawashwa, filamu yangu. Nimelipa nauli kutizama filamu yangu mwenyewe na sina hata shilingi ya kudai ndani yake.

Usiuze, kodisha. Iandikwe miaka mingapi, nchi zipi, TV tu au na intaneti, na baada ya hapo irudi kwako. Kasajili kazi COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kabla hujampa mtu yoyote. Kila muigizaji asaini, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja, tena huyo ndo asaini wa mwanzo, na mwenye nyumba pia. Muziki ndo usiseme, mie niliweka taarabu ya zamani nikidhani ya wazee ni ya wote, nilipoipandisha filamu YouTube sauti ikafungwa, dakika nne nzima watu wanafungua midomo kama samaki. Muombe kijana anaepiga gambusi au kanuni hapo mtaani akupigie kitu kipya, mlipe, asaini.

Kati ya studio na mfuko wako kuna njia ya tatu nayo ni wabia na ruzuku. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, imepigwa hapa hapa kwetu kwa Kiswahili, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, na ndani yake kuna wabia wa nchi kadhaa. Njia hiyo ni ndefu, fomu juu ya fomu, unaandika barua kwa watu hujawahi kuwaona na wengi hawajibu, lakini hasara inagawanywa na jina linabaki lako. Ndo ninayoifata mie saivi. Na kwenye zile fomu zao kuna mstari wa dharura, asilimia kumi ya bajeti hivi inawekwa pembeni kwa yatakayoharibika. Mwanzo nilikua nauona ule mstari kama kujitakia mabaya. Siku hizi naujaza wa kwanza.

Filamu mpya ina scene moja tu ya bahari. Juzi nimempigia simu yule nahodha wa Jambiani kumuuliza bamvua ya mwezi ujao inaangukia lini. Akanitajia tarehe, akanambia njooni mapema, alafu akaniuliza, mwanangu, ile shilingi 15,000 ya ngarawa utanilipa lini?