Ndege mweusi mwenye nanga: nembo hii ni ya meli gani?

SWALI: Shikamoo. Katika sanduku la marehemu babu yetu, aliyekuwa hamali bandarini Unguja, tumekuta nembo ya shaba ya duara, upana wake sentimita 14 hivi. Ukingo wake ni kama kamba iliyosokotwa, na juu pana taji lenye matanga. Katikati yupo ndege kama kunguru aliyeshika nanga kwa mguu, chini yake pameandikwa 1859. Jina hakuna. Wazee wanasema ni ya merikebu ya Sayyid Majid, kwa sababu ya huo mwaka. Ni kweli? (Msomaji, Mji Mkongwe)

JIBU: Marahaba. Wazee wamekosea, lakini si kosa la kuwacheka, maana Sayyid Majid kweli alitawala tangu 1856 hadi 1870. Tatizo ni kuusoma huo mwaka kana kwamba ndio mwaka nembo ilipotengenezwa.

Anza na taji. Liangalie kwa karibu: kati ya tanga na tanga utaona tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya merikebu ya zamani. Hilo ni taji la wanamaji, na likikaa juu ya fremu ya kamba, unatazama nembo ya manowari ya Uingereza. Nembo rasmi za namna hii hazikuwepo kabla ya 1918. Zamani kila nahodha alijichagulia alama yake. Kisha ikaundwa kamati, na Charles ffoulkes, mtunza silaha wa Mnara wa London, akawa mshauri wake. Hapo ndipo maumbo yalipopangwa: duara kwa manowari kubwa kabisa, pembe tano kwa kruza (manowari za ukubwa wa kati), ngao kwa destroya (manowari ndogo za kasi), na umbo la almasi kwa nyinginezo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mpangilio huo uliachwa, zote zikawa duara. Kwa hiyo duara peke yake halitoshi kukupa jibu.

Jibu analo ndege. Kunguru wetu wa Unguja ana mdomo mweusi. Huyu ni ndege mwingine wa ukoo wa kunguru, wa pwani ya Cornwall kule Uingereza, mwenye mdomo na miguu myekundu. Chukua kioo cha kukuzia utazame mikunjo ya mdomo na kucha. Ukiona hata chembe ya rangi nyekundu, nitafurahi sana. Ndege huyo na nanga yake vinatoka kwenye nembo ya ukoo wa admirali Samuel Hood, na 1859 ni mwaka iliposhushwa majini meli ya kwanza iliyoitwa Hood. Nembo yenu basi ni ya HMS Hood (HMS maana yake meli ya mfalme wa Uingereza), manowari iliyoanza kazi mwaka 1920, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani.

Na Hood ilifika Unguja! Januari 1924 ilitia nanga hapo pamoja na Repulse, manowari nyingine ya Uingereza, katika safari ya kuzunguka dunia iliyoanza Novemba 1923. Kama babu alikuwa kazini mwaka huo, aliiona kwa macho yake.

Hata hivyo, kujua nembo ni ya Hood si sawa na kujua kwamba kipande hiki kilitoka melini. Tarehe 24 Mei 1941 Bismarck, manowari ya Ujerumani, iliizamisha, wakafa watu 1,415 na kuokoka watatu tu. Tangu hapo nakala za nembo yake zimetengenezwa nyingi mno, na kuzitenganisha na vipande vya zamani ndiyo kazi ngumu. Udogo wa chenu na kukosa jina kunanielekeza kwenye nembo za mashua za meli, ambazo zilifungwa kwenye omo, yaani mbele ya mashua. Lakini nakala nazo huwa ndogo.

Geuza nyuma. Kitu kilichofungwa kwenye mashua kitakuwa na matundu au vijiti vya kufungia, na alama za tupa pale fundi alipokisawazisha. Tazama pia manyoya na nyuzi za kamba. Aliyekopi kwa kuchukua chapa ya kitu halisi hupata kitu kilichofifia, tena kidogo zaidi, kwa sababu shaba ikipoa husinyaa: katika sentimita 14 hupotea kama milimita mbili. Nakala nyingine ni za alumini au plasta iliyopakwa rangi. Hizo utazijua kwa wepesi wake mkononi.

Nakuomba sana, msiisugue kwa ndimu na majivu kama mnavyosugua mabirika. Rangi iliyojificha kwenye mikunjo ndiyo ushahidi wenyewe, na ikishatoka hairudi. Ifuteni vumbi kwa kitambaa kikavu, muipige picha mbele na nyuma kwenye mwanga wa asubuhi, rula ikiwa pembeni, kisha mnitumie. Ulizeni pia kama yupo anayekumbuka mwaka babu alioanza kazi bandarini.