Uliza Ujibiwe: B.G. alipoondoka Cash Money alipoteza au alipata?

SWALI: Mambo vipi kaka mhariri, mimi na mshkaji wangu tumebishana mpaka tukanuniana. Yeye anasema rapa B.G. wa kundi la Hot Boys alijimaliza mwenyewe kuondoka lebo ya Cash Money, eti angetulia kama Lil Wayne saa hizi angekuwa mbali. Mimi nasema zile albamu alizotoa mwenyewe ndo zilimuokoa. Nani yuko sawa? — Mdau wa Tandika, Dar

JIBU: Mambo poa mdogo wangu, kwanza mkapatane, maana nyote wawili mmeshika nusu nusu.

Turudi nyuma kidogo kwa ambao hawakuwepo. New Orleans miaka ya 90, ndugu wawili, Baby na Slim Williams, wana lebo yao Cash Money, wanauza kanda na CD kienyeji tu huko kusini, na prodyuza wao ni mmoja tu, Mannie Fresh. B.G. aliingia pale bado mtoto kabisa, baba yake kauawa, na 1995 akatoka na albamu ya True Story, na mwenzake kwenye hiyo kazi ni katoto kengine ambako leo mnakaita Lil Wayne. Baadaye wakaongezeka Juvenile na Turk, likawa kundi la Hot Boys, na 1997 wakatoa Get It How U Live!. Mwaka uliofuata kampuni kubwa ya muziki ya Universal wakaja na mkataba ambao hadi leo unatajwa kuwa wa dola milioni 30, na masta, yaani umiliki wa rekodi zenyewe, zikabaki kwa wale ndugu. Sikia hapo vizuri, masta zilibaki kwa wale ndugu, sio kwa vijana waliokuwa wanachana.

1999 B.G. akaachia albamu ya Chopper City in the Ghetto, ikapiga platinamu, yaani nakala milioni 1, na ndani yake ndo kuna ile Bling Bling. Neno lenyewe likasambaa dunia nzima, hata huku kwetu mtu akivaa cheni ya kung'aa anaambiwa kavaa bling bling, na haikuchukua miaka mingi likaingia kwenye kamusi ya Oxford. Ngoma ni yake, neno limekuwa la dunia, halafu jamaa akaja kulalamika hesabu za pesa hazieleweki. Na hakuwa peke yake, Juvenile ambaye albamu yake ya 400 Degreez imeuza zaidi ya nakala milioni 4 naye aligombana nao kwa mambo hayo hayo ya malipo. Ukiona mwenye milioni 4 analia basi huyu wa milioni 1 ungetegemea acheke?

Sasa alivyotoka alifanyaje. Alianzisha Chopper City Records yake, akaenda kwa kampuni ya Koch, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kusambaza, na 2003 akatoa Livin' Legend, 2004 akaja na nyingine akaiita Life After Cash Money, yaani hakuzunguka mbuyu. Watu wa rap enzi hizo walikuwa wanaitania Koch kuwa ni makaburi ya marapa, ukienda kule ujue umekwisha. Mimi naona walikuwa wanahesabu nakala badala ya kuhesabu hela. Chukua mfano tu wa namba za kubuni: wewe uko lebo kubwa unapata dola 1 kwa kila CD, tena mpaka wakate kwanza gharama za studio, video na ule mkopo wa awali waliokupa ukanunulia gari. Mwenzako anajigharamia kurekodi na kujitangaza, anamwachia msambazaji fungu lake, anabaki na dola 5. Yeye akiuza laki 2 ana milioni 1, na kabla hajalipa studio yake lakini. Wewe kuifikia hiyo inabidi uuze nakala milioni 1, na hapo bado hawajakukata. Kwa hiyo kwenye pesa wewe ndo uko karibu na ukweli.

Lakini mshkaji wako naye ana pointi, ila sidhani kama ndo anayoisema. Alichokiacha B.G. kule ni Mannie Fresh. Yale mabiti yanayoruka ruka, ngoma za kielektroniki zimechanganyika na shamrashamra za bendi za mtaani za New Orleans, B.G. alikuwa anayapanda na ile sauti yake nzito ya kuburuza utadhani katoka usingizini, ilikuwa kama chapati na chai. Kwenye zile albamu za kujitegemea mistari iko vilevile, hasira ndo imeongezeka, ila biti kadhaa unaona kabisa zinasukuma gari lisilo na mafuta. Sasa angalia, Mannie Fresh naye akaja kugombana na wale ndugu akaondoka, na 2006 wakakutana tena kwenye wimbo wa Move Around, weka hiyo halafu uniambie kama hujamsikia B.G. wa 1999.

Hilo la angetulia kama Wayne, mwambie mshkaji wako kuwa Wayne aliyetulia ndo huyohuyo 2015 aliwashtaki Cash Money akidai dola milioni 51, wakaja kumalizana 2018. Kilichomwangusha B.G. hasa sio kuondoka, ni kesi ya bunduki na kuvuruga mashahidi, 2012 akala miaka 14, akatoka 2023. Hiyo hata angekuwa na mkataba wa dhahabu isingemsaidia.

SWALI: Nataka kuanza kumsikiliza B.G., nianzie wapi, na Hot Boys watarudiana kweli? — Dada wa Likoni, Mombasa

JIBU: Dadangu anza na Chopper City in the Ghetto, kisha Livin' Legend siku hiyohiyo, usikie tofauti niliyomwambia huyo ndugu wa Tandika. Ukiwa na watoto karibu vaa earphone, jamaa hana breki mdomoni. Kurudiana, walishapanda jukwaa moja wote wanne, New Orleans, Novemba 2024 kwenye tamasha la Wayne. Albamu mpya ya kundi ndo bado naisubiri, na nikiipata nitaandika ukurasa mzima.