Niliikagua nyumba mpaka vitasa, mtaa nikausahau

Wiki iliyopita kuna msomaji kaniandikia, nauweka ujumbe kama ulivyo: "Dada habari, kuna nyumba kwenye mradi mpya nimeipenda sana, wanasema zimebaki mbili tu na bei inapanda mwisho wa mwezi, nilipie nisije nikakosa?" Nilikuwa nimelala, nikaamka nikakaa. Zimebaki mbili! Mimi niliambiwa zimebaki tatu, na miaka miwili baadaye wakati nahangaika kuuza yangu kuna nyumba kibao za mradi ule ule zilikuwa bado zina nailoni kwenye madirisha.

Nikaanza kumjibu, ujumbe ukawa mrefu mpaka simu ikapata moto, nikaona bora niandike hapa maana najua mko wengi. Mmechoka kupanga, mmejibana miaka na miaka, mnataka geti lenu na ufunguo wenu. Nawaelewa kabisa, hata mimi ndio kiu hiyo hiyo iliyonipofusha.

Siku ninayoiona nyumba ilikuwa Jumapili, saa 10 jioni. Kumbukeni hiyo saa, nitairudia. Jua zuri, kaupepo kanapita, barabara ya ndani mpya nyeusi tiii, nyasi zimekatwa, kimya mpaka unasikia pumzi yako. Tukaingizwa kwenye nyumba ya mfano. Mume wangu akakaa kwenye kitanda cha chumba cha watoto akasema mbona hiki kitanda kifupi, tukacheka wote, na yule kijana wa mauzo akacheka kuliko sisi. Baadaye sana ndio nikaja kuelewa kwamba nyumba za mfano mara nyingi huwekewa vitu vidogo vidogo makusudi ili chumba kionekane kikubwa, na milango ya ndani wanaing'oa kabisa usione inavyokula nafasi. Lakini siku ile nilijiona mjanja, nilifungua kila bomba, nikagonga vigae kwa sarafu kusikiliza kama kuna vilivyo na uwazi chini (hii alinifundisha fundi), nikajaribu vitasa vyote, nikachungulia nyufa mpaka nyuma ya makabati. Nilikagua kama injinia jamani. Na sijutii, nyumba kama nyumba haikuwa na shida.

Tunatoka getini mume wangu akasema, "Mama, turudi siku moja usiku tuone pakoje." Mimi nikamjibu, usiku utaona nini, giza? Nilimjibu hivyo mbele ya yule kijana. Basi akanyamaza, na mimi nikasaini.

Mambo ya mkopo na makaratasi nayaruka, kila mtu anayajua yanavyochosha. Miezi minne baadaye tukahamia. Usiku wa kwanza tumelala chini kwenye magodoro, madirisha wazi, tunasikia vyura. Mwanangu alifurahi sana, na mimi nikasema si mnaona, kama kijijini vile, huu ndio utulivu niliokuwa nautafuta.

Usiku wa tatu upepo ukatulia. Kama saa 8 hivi nikaamshwa na harufu, nikadhani ni choo chetu, nikazunguka nyumba nzima na tochi ya simu nanusa kila bomba la sinki. Siyo sisi. Nikafungua dirisha ndio ikaingia yote. Kumbe kilomita moja na nusu kutoka kwetu, nyuma ya miti, kuna mabwawa ya kusafishia majitaka. Na nikiwa nimesimama pale dirishani nikasikia na kitu kingine, malori yanapanda kilima kwenye barabara kuu, yanabadilisha gia moja baada ya jingine, utadhani yanapita sebuleni. Ile barabara sikuwahi kuisikia mchana hata mara moja!

Mwanzoni nilihisi nachanganyikiwa, asubuhi nikiamka hakuna kitu, hakuna harufu hakuna lori, mpaka nikawa naona aibu kulalamika. Nikaja kusoma ndio nikaelewa. Mchana jua linapasha ardhi, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu, inapanda na inabeba harufu inaitawanya, na sauti nayo inapinda kwenda juu inakupita. Usiku anga likiwa wazi na hakuna upepo ardhi inapoa haraka, hewa baridi inakaa chini na ya vuguvugu inakuwa juu yake kama mfuniko, basi harufu inatambaa chini haina pa kwenda na sauti ya mbali inapinda kukurudia. Yaani ile Jumapili saa 10 jioni, jua kali na kaupepo, ndio ilikuwa saa nzuri kuliko zote za kuuza ile nyumba. Sisemi walipanga. Ila sijawahi kuona mtu wa mauzo anakupa miadi ya saa 8 usiku.

Hayo tungeyazoea. Mvua ndio iliyonimaliza.

Mvua ya kwanza kubwa maji yaliingia barazani, yakafika kwenye kizingiti cha mlango yakasimama hapo, tumeweka mataulo na mazulia tunaomba Mungu. Safu ya chini yetu yaliingia ndani kabisa. Kesho yake nikavuka barabara ya zamani kwenda kumuomba mzee mmoja jirani koleo la kutolea tope. Nyumba yake ya siku nyingi, ina ngazi tano kabla ya kufika mlangoni, na nikiwa nimesimama pale chini ndio nikaangalia kushoto na kulia nikaona nyumba zote za upande ule zimeinuliwa msingi, zote, hata kibanda cha kuku. Zetu mpya ndio ziko sawa na ardhi. Kwenye ukuta wake, juu kidogo ya goti langu, kuna mstari wa rangi ya udongo umezunguka nyumba, kama ule unaobaki kwenye ndoo maji machafu yakikauka.

Nikamwamkia shikamoo mzee. Akaitikia, akaniangalia miguu yangu na lile tope, akasema, "Marahaba mwanangu. Nyie ndio mlionunua kule bwawani?"

Bwawani! Mradi wetu ulikuwa na jina la mlima, naomba muelewe hilo. Nikamuuliza kwa nini panaitwa bwawani akanionea huruma, akasema kila Jumapili alikuwa anaona magari yanapita kwenda kuangalia nyumba, akajua tu tumeshaambiwa. Hakuna gari hata moja lililowahi kusimama kwake.

Nikaenda ofisini kwa wenye mradi nimevaa viatu vile vile vya tope. Nikaambiwa na mtu aliyevaa vizuri sana kwamba yale ni mafuriko ya miaka 100, kwa hiyo yameshapita, tusiwe na wasiwasi. Na mimi kwa ujinga wangu nikarudi nyumbani nimefarijika! Ngoja niwaeleze maana msije mkadanganywa na maneno haya. Mafuriko ya miaka 100 hayana zamu kwamba yakija leo yatarudi baada ya karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kupata mafuriko makubwa kiasi hicho au zaidi, na mwaka unaofuata hesabu inaanza upya ile ile, inaweza kuwa miaka miwili mfululizo. Sasa kama una mkopo wa miaka 30, chukua kikokotoo, zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 30, unapata kama 0.74. Hiyo ndio nafasi yako ya kukaa miaka 30 yote salama. Inayobaki ni asilimia 26, zaidi ya mara moja kwa nne, kabla hujamaliza kulipa. Na hapo ni kama kweli yalikuwa ya miaka 100, yetu yalirudi mwaka uliofuata.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na uwezo wa kujua bila hata kutoka kitandani. Programu ya Google Earth ya kwenye kompyuta ina sehemu ya picha za zamani, ipo tangu 2009, ni bure, unavuta kitufe unarudi nyuma mwaka baada ya mwaka unaona eneo lilivyokuwa. Niliifungua usiku mmoja nikiwa nimeshachelewa. Nikavuta nyuma. Nyumba zetu zikapotea, barabara ikapotea, kikabaki kiraka cha kijani katikati ya ardhi kavu ya kahawia pande zote, na picha nyingine ya msimu wa mvua kikawa kinang'aa. Maji. Paa langu lilikuwa karibu katikati. Mume wangu alikuwa nyuma yangu anaangalia, akanishika bega akaenda kulala. Mpaka leo hajawahi kuniambia nilikwambia. Wakati mwingine natamani angesema tu yaishe.

Basi. Tuliuza kwa hasara, na nilimwambia mnunuzi kila kitu, mabwawa, malori, maji, kila kitu, ndio maana tulikaa muda mrefu bila kuuza. Kuna ndugu waliniita mjinga. Mimi nalala usingizi.

Sasa hapa tulipo nilipachunguza kama askari wa upelelezi, na najisifu kidogo mniache. Nilikuja mara tano kabla sijatoa hata senti. Usiku saa 8, tukazima gari tukafungua vioo tukakaa nusu saa tumenyamaza. Siku ya kazi asubuhi wakati watu wote wanaoga na kutoka, nikamuomba dada mmoja aliyekwishahamia anifungulie bomba, nikaweka ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Ilijaa kwa dakika moja na kitu, haikunifurahisha sana, lakini angalau niliijua kabla. Maana hiki ni kitu cha miradi mipya ambacho watu hawakifikirii, siku unaangalia kuna familia 20 ndani, maji yanaruka, intaneti inakimbia, getini hakuna foleni, alafu nyumba zikijaa mko 300 mnagawana paipu ile ile na geti lile lile. Uliza mradi ukijaa mtakuwa wangapi, na uliza kila kitu kimetengenezewa watu wangapi. Wakijibu kwa kutabasamu, hapo huna jibu.

Na ule uwanja wa watoto kwenye picha ya matangazo, na ile miti, soma chini kuna maandishi madogo kama sisimizi yanasema mchoro ni wa kuonyesha tu. Nenda ofisi ya mipango miji ukaone ramani iliyopitishwa, ukaone na lile pori tupu la jirani limepangiwa nini, maana pori halikai pori. Kwetu kule "awamu ya pili" ilimaanisha vumbi na malori ya kokoto mbele ya mlango mwaka mzima.

Nilikuja na wakati wa mvua. Siyo baada ya mvua, WAKATI inanyesha, na mwamvuli, mume wangu anacheka garini. Nikasimama kwenye mtaro nikaangalia maji yanakwenda wapi, nikayafuata kwa miguu mpaka mwisho wake. Kama hakuna mvua angalia mitaro, takataka zilizonasa kwenye fensi na vichaka ziko urefu gani, hapo ndipo maji yalifika. Angalia nyumba za zamani za jirani zimeinuliwa kiasi gani. Na jamani ongeeni na watu! Siyo wa mauzo, siyo dalali, tafuta mtu asiye na cha kukuuzia, mlinzi wa zamu ya usiku, mama mwenye genge, mzee aliyekaa pale miaka 40, muulize tu hapa zamani palikuwa panaitwaje. Simamisha gari, shuka, salimia. Tunaona uvivu kushuka kwenye gari dakika kumi kwa ajili ya kitu tutakacholipia miaka 30, alafu tukipatwa tunasema ni majaribu. Siyo majaribu ndugu zangu, ni haraka yetu na kuogopa kwamba mwingine atawahi. Acha awahi!

Haya yote nilimwandikia yule dada msomaji wa wiki iliyopita, kwa kifupi kidogo. Nikamwambia kabla ya yote nenda usiku. Alikaa kimya siku tatu nikajua nimemkera. Juzi saa 6 usiku akanitumia sauti, sekunde 40, haongei kitu, amenyoosha tu simu nje ya dirisha la gari. Nimeisikiliza mara nne. Kuna mbwa mmoja mbali, kuna pikipiki inapita, na chini ya hayo yote, na aliniambia mwenyewe kwao huu ni mwezi wa pili haijadondoka hata tone, kuna vyura.