Dengi mtaani: sugueni mapipa kabla ya kufyeka nyasi

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wa nyumba tatu za mtaa wenu hapo Dar wameugua dengi ilhali mmefyeka nyasi, mnalala ndani ya vyandarua na gari la kupuliza dawa limepita mara mbili. Nguvu zenu zimeenda kwa mbu mwingine.

Anayeeneza dengi ni Aedes aegypti, yule mdogo mweusi mwenye pete nyeupe miguuni. Huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya magharibi, na hupenda vifundo vya miguu. Kwenye nyasi hazaliani. Dawa ya gari humuua anayeruka nje, lakini huyu hupumzika chini ya kitanda na nyuma ya nguo zilizotundikwa. Hata mkiwaua wote leo, waliofikia hatua ya pupa majini watatoka mbu wazima ndani ya siku mbili hivi. Chandarua msikiache lakini: mgonjwa wa dengi alale ndani yake mchana kutwa, maana mbu akimuuma siku za mwanzo za homa, baada ya siku 8 hadi 12 huanza kuambukiza wengine. Na mgonjwa apewe parasetamoli tu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu.

Sasa kiini chenyewe, ambacho ni mayai. Jike hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ni meusi na madogo kama chembe za masizi. Yakikauka hayafi, hukaa miezi kadhaa, na siku mnapojaza pipa tena yanaanguliwa. Kwa hiyo anayemwaga maji bila kusugua amewaacha mbu wote palepale ukutani.

Kwa joto la pwani, yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10, hivyo chagueni siku moja ya juma na msiiruke. Pipa au ndoo: mwaga, sugua ukuta wote kwa brashi ngumu na sabuni, ukikazia alama maji yalipofikia na chini ya ukingo, kisha suuza. Maji ya kusuuzia yamwage kwenye udongo mkavu juani. Ukiyamwaga kwenye mtaro unayahamisha mayai tu, kwa kuwa yaliyobanduka bado yana uhai.

Simtanki haimwagwi kirahisi. Angalia mfuniko kama umepinda kwa jua, halafu bomba la kumwagia maji yaliyozidi, ambalo wengi hulisahau: lifunge wavu wa dirishani na ulikaze kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kama viluwiluwi vimeshaingia, tumia temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, ya chenga ya asilimia 1, ile iliyosajiliwa kwa maji ya kunywa, siyo dawa ya shambani. Kipimo ni gramu 10 kwa lita 100, yaani gramu 100 kwa tanki la lita 1,000. Iweke tanki likiwa limejaa, la sivyo utazidisha.

Kisha zungukeni mtaa: visahani vya maua, trei ya maji nyuma ya friji, ndoo ya kiyoyozi, vifuu, madimbwi ya mafundi kwenye nyumba zinazojengwa, matairi ya gereji. Matairi yaliyofunikwa kwa turubai legevu ni hasara tupu, maana turubai lenyewe linashika maji. Mbu huyu mara nyingi haruki zaidi ya mita 200, kwa hiyo mshirikisheni mjumbe ili kila nyumba ifanye siku ileile. Ua mmoja ukiachwa, utawaletea mbu wote.

Mkiangalia viluwiluwi kwa tochi, vya Aedes huning'inia kichwa chini. Vikilala sambamba na uso wa maji ni Anofelesi, wa malaria. Mkivikuta hivyo ndani ya tanki, mwiteni afisa afya: yupo Anopheles stephensi kutoka Asia, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012 na Kenya mwaka 2022, naye huzaliana kwenye matangi ya mjini.

Wale wanaowapigia kelele masikioni usiku ni Kuleksi, wa mashimo ya vyoo na maji machafu, na ndio waenezaji wa matende na mabusha huku pwani. Hao brashi haiwahusu. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilimwagiwa punje nyepesi za plastiki ya polistirini za milimita 2 hadi 3 mpaka zikafanya tabaka la kama sentimita 1 juu ya maji, na mbu wakapungua mno kwa miaka. Jike hapati pa kutaga, na viluwiluwi hukosa pumzi. Ila shimo linalofurika masika halifai, punje zitaelea zikaondoka na maji, na shimo linalonyonywa na gari la majitaka litahitaji punje mpya kila mara.